Anzia Kwenye Miamba ya Mwanza: Kupiga Picha Kasri, Milima na Minara ya Kumbukumbu ya Ulaya

Safari ya wiki mbili Ulaya ina asubuhi kumi na nne na jioni kumi na nne, basi. Toa siku za ndege, toa siku za mvua, toa jioni utakayokwama kwenye treni, na unabaki na nafasi saba au nane za picha ya maana. Ni chache mno kuzimaliza ukitafuta kitufe kipi kinafanya kazi gani. Karibu kila tatizo linalomsubiri mpiga picha mbele ya kasri la Uswisi au mlima wa theluji linaweza kufanyiwa mazoezi hapa hapa, kati ya Capri Point na Igombe, kwa nauli ya daladala.

Sababu ni mawe. Miamba ya Mwanza ni granaiti, na granaiti ina tabia zake: mchana hung'aa na kupoteza mikunjo yake yote, asubuhi na jioni hugeuka rangi ya asali na kila ufa ukaonekana. Ukuta wa ngome ya kale una tabia hiyo hiyo. Anayejua saa ambayo jiwe la nyumbani linapendeza, na akajua kwa nini, amekwisha kujifunza nusu ya kazi. Nusu ya pili ni yale yanayobadilika ukivuka bahari: jua, baridi, na sheria za mahali.

Kabla ya safari jipe wiki nne za mazoezi, mara mbili kwa wiki.

Jiwe la Bismarck, jioni kisha asubuhi

Jiwe hili liko majini karibu na kivuko cha Kamanga, na jina lake ni la Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani. Ukisimama nchi kavu ukilitazama, macho yako yanaelekea magharibi, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Kwa hiyo jioni jua linazama mbele yako, nyuma ya jiwe, na hapo unakutana na tatizo kongwe la picha za ngome: anga lina mwanga mwingi, jiwe liko kivulini, na kamera haiwezi kuvibeba vyote viwili kwa picha moja.

Mwanza jua huzama kati ya saa 12:40 na saa 1:10 jioni, kutegemea mwezi. Fika saa 11:45. Funga kamera kwenye tripodi, weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwenye 100, na apecha, yaani tundu la lenzi, kwenye f/8. Elekeza fokasi kwenye ukingo wa jiwe, kisha zima fokasi ya kujiendesha ili isihangaike giza likianza. Piga picha tatu bila kusogeza kamera: moja kama kipima mwanga kinavyotaka, ya pili ikiwa giza kwa hatua mbili, ya tatu ikiwa na mwanga zaidi kwa hatua mbili. Kila hatua ni kuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Kamera nyingi zinafanya hivyo zenyewe ukiziagiza. Nyumbani utaziunganisha kwenye programu ya kuhariri: anga kutoka picha ya giza, jiwe kutoka picha ya mwanga.

Kinachoharibika mara nyingi ni kutoamua. Mtu anapima mwanga katikati ya fremu, anapata jiwe lenye rangi ya majivu na anga lililoungua likawa jeupe. Amua mapema. Ukitaka kivuli cheusi cha jiwe, pima mwanga kwenye anga pembeni mwa jua, kisha usiongeze kitu. Ukitaka jiwe lionekane mikunjo yake, piga zile tatu.

Jua likishazama usiondoke. Anga linakwenda kwenye buluu nzito, na hapa Mwanza rangi hiyo haidumu, kwa sababu karibu na ikweta jua hushuka karibu wima. Una dakika 20 hivi. Katika muda huo kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, itateremka kutoka sehemu ndogo ya sekunde hadi sekunde 10 au zaidi, kwa hiyo kila baada ya picha mbili angalia histogramu, mchoro wa kamera unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia. Kupanda na kushuka kwa maji kutafutika, ziwa litakuwa kama ukungu kuzunguka jiwe. Mtumbwi ukipita mbele utaacha mstari wa taa tu. Wengine wanaufuta, lakini mstari huo unaonyesha kwamba ziwa lina watu.

Siku nyingine rudi asubuhi. Jua huchomoza kati ya saa 12:25 na saa 1, na sasa liko nyuma yako, upande wa mji. Jiwe limewaka lote, rangi nzuri, lakini limekuwa bapa kama limechorwa kwenye karatasi. Mwanga unaotoka mgongoni mwa mpiga picha unafuta vivuli, na vivuli ndivyo vinavyoonyesha unene wa jiwe. Tembea ufukweni hadi upate pembe ambayo jua linakuja kutoka ubavuni. Hata hatua 50 zinabadilisha picha. Kumbuka pia kwamba kituo cha jua kinahama: mwezi wa Juni huzama kaskazini zaidi ya magharibi, Desemba kusini zaidi, tofauti ya nyuzi zaidi ya 40. Picha uliyoipata Juni kwenye jiwe fulani hutaipata Desemba ukisimama pale pale.

Somo hilo lipeleke Château de Chillon, Uswisi. Ni ngome iliyojengwa juu ya mwamba ukingoni mwa Ziwa Geneva, karibu na Montreux, na mtu wa Mwanza akiiona atahisi ameshawahi kufika. Ukiwa kwenye njia ya miguu upande wa Montreux unatazama kusini: ngome mbele, nyuma yake milima ya Dents du Midi yenye kimo cha mita 3,257. Saa sita mchana jua liko mbele yako na ukuta uko kivulini. Jioni jua liko kulia kwako, juu ya maji, na linaupaka ukuta wa upande wa ziwa. Anayejua Jiwe la Bismarck hahitaji kuambiwa afike saa ngapi.

Mlima uwe mkubwa nyuma ya ngome

Lalamiko la wengi wanaporudi ni hili: “Mlima ulikuwa mkubwa kwa macho, kwenye picha umekuwa kichuguu.” Lenzi pana ndiyo iliyofanya hivyo, pamoja na kusimama karibu mno na ngome.

Jaribu hapa. Tafuta barabara iliyonyooka yenye kilima mwisho wake, Bugando au Isamilo kikionekana nyuma. Msimamishe rafiki, kaa mita 10 kutoka kwake, piga kwa lenzi pana ya milimita 24. Sasa rudi nyuma hadi mita 83 hivi, hatua kama 110 za mtu mzima, piga kwa lenzi ndefu ya milimita 200. Rafiki atakuwa na kimo kile kile kwenye picha zote mbili, lakini kilima cha nyuma kitakuwa kimekua zaidi ya mara nane kwenye picha ya pili. Hakuna uchawi. Ulipokuwa karibu, rafiki alikuwa karibu sana kuliko kilima. Uliporudi nyuma, umbali wa rafiki umeongezeka mara nane huku ule wa kilima ukiwa haujabadilika kitu.

Ndiyo maana Neuschwanstein ya Bavaria, ambayo ujenzi wake ulianza 1869 kwa amri ya Mfalme Ludwig II, inapendeza sana kutoka mashambani Schwangau, mbali kabisa, kwa lenzi ya milimita 200. Milima inasimama nyuma yake kama ukuta. Kutoka chini ya mlango wake, kwa lenzi pana, milima hiyo haipo.

Kwa wenye simu: tumia lenzi ya kuvuta kama simu inayo. Kuvuta kwa vidole kupita uwezo wa lenzi ni kukata picha tu, na utaona pikseli ukiichapisha.

Theluji ni dagaa

Kipima mwanga cha kamera kinadhani dunia yote ina rangi ya kijivu cha kati. Ukikionyesha kitu cheupe kilichojaa fremu, kinaona mwanga umezidi, kinapunguza, na theluji inatoka na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Wengi wanagundua hilo wakiwa juu ya mlima, vidole vimekufa ganzi, na wanafuta picha za asubuhi nzima.

Mwalimu wa jambo hili yuko kwenye mialo ya Igombe na Kayenze, pale dagaa wanapoanikwa. Nenda saa tano asubuhi siku ya jua kali. Msalimie mwenye dagaa kabla ya kutoa kamera: shikamoo mama, naomba nipige picha dagaa wako. Ukikubaliwa, inama karibu hadi dagaa wajaze fremu nzima. Wakitazamwa kwa karibu si weupe tu: kila mmoja ana mstari wa fedha ubavuni, jicho jeusi dogo kama mbegu, na mgongo wa kijani kilichofifia. Piga ya kwanza bila kugusa kitu. Wataonekana kama risasi, wazito na wachafu. Sasa ongeza fidia ya mwanga, kile kitufe cha + na − kinachoongeza au kupunguza mwanga wa picha kwa hatua, hadi +1, piga, kisha +1.7, piga. Katika moja ya hizo fedha itarudi na jicho litabaki jeusi. Fungua histogramu uone kilima chake kimehamia kulia bila kugonga ukuta. Ukiona kimegonga, mng'ao umeungua na hakuna programu itakayourudisha.

Namba uliyoipata hapo iandike. Matterhorn, mita 4,478, asubuhi ya jua juu ya theluji, utaanza na namba hiyo hiyo au karibu yake. Kinyume chake pia kinafanya kazi: ukuta mweusi wa mawe uliolowa mvua, uliojaza fremu, unataka fidia ya −0.7 au −1, vinginevyo utatoka na rangi ya vumbi.

Minara inayoanguka

Elekeza kamera juu ya mnara wowote, hata mnara wa saa wa katikati ya mji, na mistari yake ya wima itainama kuelekeana kama nguzo za hema. Kasri lenye minara minne linaonekana kama linaanguka kwa mgongo. Dawa ya kwanza ni kuiweka kamera sawa kabisa, isiangalie juu wala chini. Washa mistari ya msaada kwenye kioo. Ukikosa kilele cha mnara, rudi nyuma au panda mahali palipoinuka. Mwanza vilima havikosekani, na Ulaya mara nyingi kuna barabara ya mlimani upande wa pili wa bonde. Dawa ya pili ni programu ya kuhariri, lakini kunyoosha kunakata kingo za picha, kwa hiyo acha nafasi tupu pande zote, kama sehemu moja ya kumi ya fremu. Anayejaza fremu hadi kilele atakatwa kilele.

Maji tulivu, na filta inayodanganya

Kwa kioo cha maji, asubuhi ndiyo saa. Ziwani kwetu upepo wa ziwa huanza kadiri nchi kavu inavyopata joto, na ukishaanza, sura ya mwamba ndani ya maji inavunjika. Vivyo hivyo kwa viziwa vya milimani kama Riffelsee juu ya Zermatt, ambako Matterhorn hujitazama majini. Fika jua halijachomoza. Picha iliyo majini huwa na giza kidogo kuliko ile ya juu. Usishangae, na usilazimishe zilingane kabisa, jicho litakataa.

Filta ya polaraiza ni chombo kizuri kinachotumiwa vibaya. Inaondoa mng'ao juu ya granaiti na majani na kuzidisha buluu ya anga, hasa ukipiga kwa pembe ya nyuzi 90 kutoka jua. Lakini ikizungushwa vibaya inafuta ile sura ya mlima majini uliyoamkia alfajiri kuifuata. Na kwa lenzi pana kuliko milimita 24 hivi inaacha doa jeusi upande mmoja wa anga. Izungushe polepole huku ukitazama, kisha simama.

Filta nyeusi za ND, zinazopunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi, zinahitaji hesabu. Ya hatua 6 inageuza kasi ya 1/60 ya sekunde kuwa sekunde 1. Ya hatua 10 inaigeuza kuwa sekunde 17 hivi. Weka fokasi kabla ya kuifunga, maana ukishaifunga kamera haioni.

Jambo moja la kwetu: nzi wa ziwani wakipanda kama moshi juu ya maji, usibadilishe lenzi. Mmoja akiingia kwenye kihisi, sehemu ya ndani inayopokea mwanga, utamwona katika kila picha ya anga hadi umsafishe.

Jua la Ulaya halitembei kama letu

Hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanapodanganya. Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwisho wa Septemba jua la adhuhuri linakuwa utosini kabisa, na mwaka mzima kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri mawe hayana sura. Tumezoea kufunga kamera muda huo.

Edinburgh, ambako ngome imekaa juu ya mwamba kama nyumba za Isamilo zilivyokaa, mwezi Desemba jua halipandi zaidi ya nyuzi 11 hivi hata saa sita mchana. Linachomoza karibu saa 2:40 asubuhi na kuzama saa 9:40 alasiri. Siku nzima ni mwanga wa ubavuni, ule ambao sisi tunaupata kwa nusu saa. Hivyo wakati wa baridi piga picha mchana kutwa ukipata jua, ila ujue una saa saba tu. Juni ni kinyume: jua linazama karibu saa 4 usiku, na ile buluu ya baada ya machweo, ambayo kwetu ni dakika 20, huko inapita dakika 45. Una muda wa kupiga ngome, kuvuka barabara, kubadilisha lenzi na kuipiga tena taa zake zikiwa zimewaka. Kinachokushinda ni usingizi: mtu anayekesha kwa machweo ya saa 4 usiku na kutaka macheo ya saa 10 na nusu alfajiri atavunjika siku ya tatu. Chagua moja kwa kila siku.

La pili, na hili linawapiga wengi: huko jua linapita kusini daima. Kuta zinazotazama kaskazini hazipati jua wakati wa baridi kabisa, na wakati wa kiangazi hupata la asubuhi sana na jioni sana tu. Kabla ya kulipa nauli kwenda kasri fulani, fungua ramani, tazama uso mzuri wa jengo umeelekea wapi, na mahali pa kusimama ni wapi. Daraja la Marienbrücke nyuma ya Neuschwanstein liko kusini mwa kasri. Ukisimama hapo unatazama kaskazini na jua liko mgongoni au ubavuni sehemu kubwa ya siku. Ni rafiki. Chillon, kama tulivyoona, inakutaka jioni.

Marienbrücke ina shida nyingine. Ni daraja jembamba juu ya korongo, limejaa watu, na linatikisika wakipita. Tripodi juu yake haisaidii, kama isivyosaidia juu ya kivuko kinachotembea. Shika kamera mkononi, kasi 1/250 ya sekunde au zaidi, pandisha ISO ikibidi, na piga picha tano mfululizo ili moja itoke safi. Wakati wa barafu daraja hufungwa, kwa hiyo uliza kabla ya kupanda. Ndani ya kasri kupiga picha hakuruhusiwi. Usinunue tiketi kwa ajili ya kamera.

Milimani, mawingu hukusanyika juu ya vilele kadiri siku inavyopata joto wakati wa kiangazi. Panda asubuhi na mapema. Anayefika saa nane mchana anakuta pamba tupu.

Baridi

Betri hupoteza nguvu kwenye baridi kwa sababu kemia yake inazubaa, haijafa. Ile iliyosoma tupu juu ya mlima, iweke mfuko wa ndani karibu na mwili dakika kumi, na mara nyingi itarudi na uhai. Beba tatu na uzizungushe.

Hatari kubwa ni wakati wa kurudi. Ukiingia na kamera ya baridi kwenye chumba chenye joto, unyevu wa hewa unageuka kuwa matone juu ya lenzi na hata ndani. Ni lile lile linalotokea ukitoka chumba chenye kiyoyozi Mwanza alfajiri na lenzi ikaingia ukungu. Kabla ya kuingia ndani, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, toa hewa, na usiufungue hadi kamera ipate joto la chumba, saa moja au mbili. Toa kadi ya picha kabla ya kufunga, usije ukaifuata kwa haraka.

Mahali pa kumbukumbu

Hapa kazi ni tofauti, na inataka moyo mtulivu. Kwa mtu wa kanda ya ziwa si somo geni. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuchukua mamia ya watu, na makaburi ya wengi wao yako Igoma. Nenda Igoma kwanza, bila kamera mkononi. Kaa. Angalia watu wanaofika wanafanya nini: wanaosoma majina kwa kidole, wanaong'oa nyasi. Ukiona familia, kamera ibaki kwenye mfuko hadi waondoke, au hadi uwasalimie na wakubali wenyewe. Kisha piga vitu vidogo: herufi zilizochongwa, ua lililonyauka, kivuli cha mti juu ya saruji. Mahali kama hapa picha pana peke yake haisemi kitu. Inakuwa uwanja tu.

Herufi zilizochongwa kwenye jiwe zinataka mwanga wa ubavuni unaokwaruza uso. Saa sita mchana hazisomeki. Kama jua halipo, rafiki amulike kwa tochi ya simu kutoka pembeni, iwe imelala karibu na jiwe, na herufi zitainuka. Fanya hivyo panaporuhusiwa tu. Usimwage maji wala kupaka chaki juu ya maandishi ili yaonekane, ni kuharibu.

Ukiwa na utaratibu huo mkononi, utajiweza Ulaya. Eneo la Berlin la kuwakumbuka Wayahudi waliouawa Ulaya, lililofunguliwa 2005, lina mihimili 2,711 ya zege. Ukiipiga kutoka barabarani utapata uwanja wa masanduku. Ingia ndani, ardhi inashuka na mihimili inakuzidi kimo. Simama katikati ya njia moja, kamera usawa wa kifua, subiri mtu mmoja apite mbali kabisa mwisho wa njia, piga. Mtu huyo mdogo ndiye anayeonyesha ukubwa. Siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua, kwa sababu jua linakata njia hizo vipande vyeupe na vyeusi. Usipande juu ya mihimili, na usimwombe mwenzako apande kwa ajili ya picha.

Auschwitz-Birkenau nchini Poland, kambi iliyokombolewa tarehe 27 Januari 1945 na kufanywa makumbusho mwaka 1947, inaruhusu picha za matumizi binafsi bila fleshi wala tripodi. Ila hairuhusu kabisa katika chumba chenye nywele za waliouawa, jengo namba 4, na ndani ya mahandaki ya jengo namba 11. Zima fleshi ya simu kabla hujaingia getini, si ndani, maana simu nyingi huiwasha zenyewe gizani. Picha za kujipiga mwenyewe ukitabasamu kwenye reli za Birkenau zimewaumiza wengi. Usiwe mmoja wao.

Kule Ypres, Ubelgiji, kwenye Menin Gate, lango la kumbukumbu ya Vita ya Kwanza ya Dunia lenye majina zaidi ya 54,000 ya askari wasio na kaburi linalojulikana, tarumbeta hupigwa kila jioni saa 2 usiku. Desturi hiyo ilianza 1928. Watu hujaa mapema. Piga majina mchana, kukiwa na nafasi. Jioni, tarumbeta ikianza, nyamazisha sauti ya shata au acha kamera itulie.

Karatasi, umeme na droni

Betri za lithiamu zibebe kwenye begi la mkononi, kila moja imefunikwa ncha zake. Mizigo ya chini haziruhusiwi zikiwa zimetolewa kwenye kifaa. Beba risiti ya kamera au nakala yake, ili ukirudi usidaiwe ushuru wa kitu ulichotoka nacho.

Umeme wa Ulaya bara ni wa volti 230 kama wetu, lakini plagi zao ni za pini mbili za mviringo. Nunua adapta kabla hujaondoka. Uingereza ina plagi kama za kwetu, hiyo hiyo ya pini tatu.

Droni ni jambo la sheria kwanza. Tanzania inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na usifikirie kuirusha juu ya bandari au kivuko bila kuuliza. Katika Umoja wa Ulaya droni yenye kamera inataka mwenyewe asajiliwe, na kimo cha kawaida hakivuki mita 120 kutoka ardhini. Kasri nyingi zimepiga marufuku juu ya ardhi yao. Kwa safari ya kwanza, iache nyumbani. Uzito huo ujaze tripodi nzuri.

Picha za mnara wa Eiffel mchana hazina shida, ila taa zake za usiku zina hakimiliki, na kuziuza picha hizo bila idhini ni kosa. Ukipiga kwa kumbukumbu yako, piga.

Kila usiku kabla ya kulala

Kadi ya GB 64 inabeba picha 2,000 hivi za RAW, yaani faili ghafi zisizobanwa kuwa JPEG, za kamera ya megapikseli 24. Inatosha, lakini kadi moja ikipotea imeondoka na safari nzima. Tumia kadi ndogo mbili au tatu, na kila usiku nakili picha zote kwenye diski ya nje. Diski ilale kwenye begi lingine, si lile la kamera, kwa sababu mwizi wa stesheni huchukua begi zima. Usifute kadi hadi umefika Mwanza, umezifungua picha kwenye kompyuta, na umeona zinafunguka.